Mgongo Unauma, Lakini Choo Je?

Mpunga ukishavunwa Kihurio, wilayani Same, kazi inayobaki ni ya migongo. Lori linarudi kinyumenyume hadi kwenye rundo la magunia. Vijana wawili wanashika pembe za gunia, wanalibembeza mara moja, mara mbili, na ya tatu linatua juu ya mabega ya mwenzao aliyeinama akisubiri. Anapanda nalo ubao ulioegemezwa kwenye bodi la lori, ubao unanesa, magoti yanatetemeka kidogo, gunia linafika. Mara nyingi gunia lenyewe ni lumbesa: limejazwa kupita mdomo wake, likavishwa kofia juu na kushonwa kwa kamba. Utaratibu wa vipimo nchini unataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hilo miaka nenda rudi. Wanaoipinga lumbesa huzungumzia hasara ya mkulima. Ya mbebaji hayasemwi sana.

Siku kijana huyo akishuka ameshika kiuno, hakuna anayeshtuka. Atakandwa kwa maji ya moto, atachuliwa na mafuta, atachomwa sindano ya diclofenac, atalala. Na kwa wengi hayo yanatosha, maana maumivu mengi ya kiuno hupoa yenyewe ndani ya wiki chache, na anayekimbilia kipimo kikubwa kwa kila maumivu anamaliza hela zake bure. Makala haya hayawahusu hao. Yanamhusu yule mmoja miongoni mwa wengi ambaye, siku mbili tatu baada ya kiuno kushika, anatambua kwamba tangu alfajiri hajakojoa, na kinachotisha zaidi ni kwamba wala hasikii haja ya kukojoa.

Huyo si mgonjwa wa mgongo tena. Ni mgonjwa wa dharura, sawa na mama mzazi anayevuja damu, ila yeye anatembea, anaongea na pengine anatania wenzake. Ndiyo maana anaachwa.

Kamba kuu ya fahamu inayotoka kwenye ubongo na kushuka ndani ya pingili za mgongo haifiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima inakomea karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo kwenda chini hakuna kamba tena, kuna fungu la nyuzi tu, mizizi ya mishipa ya fahamu inayoning'inia ndani ya maji kabla ya kila mmoja kutokea mahali pake. (Ndiyo sababu pia sindano ya ganzi ya upasuaji wa uzazi hudungwa sehemu hiyo ya chini. Akina mama wengi huishutumu sindano hiyo kwa kila maumivu ya mgongo yanayofuata, ilhali imeelekezwa huko makusudi ili kuikwepa kamba yenyewe.) Wataalamu wa Ulaya wa zamani walipoliona fungu hilo walikumbuka mkia wa farasi, wakaliita hivyo kwa Kilatini, kauda ekwina. Mtu wa Same, ambako farasi ni wa kwenye picha, angelielewa upesi zaidi kama angeambiwa ni singa za mkonge zilizoanikwa kwenye waya baada ya kupita mashineni.

Nyuzi hizo ndizo zinazobeba habari za miguu, kibofu, njia ya haja kubwa na sehemu za siri. Kitu kikiziminya zote kwa pamoja, mtu anapoteza vyote hivyo kwa mkupuo. Kitu chenyewe, kwa wengi, ni diski: ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, ambao kiini chake kinaweza kuchomoza na kulala juu ya nyuzi, hasa kwenye pingili mbili za mwisho za kiuno ambako uzito wote wa mwili na wa gunia hukutana. Daktari Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, alieleza mwaka 1929 juu ya wagonjwa wawili ambao vipande vya diski vilikuwa vimezibana nyuzi hizo. Mwaka 1934 William Mixter na Joseph Barr wa Boston wakaweka wazi kwamba diski iliyochomoza ndiyo mzizi wa yale maumivu yanayotoka kiunoni na kushuka mguuni kama umeme. Jambo hili, kwa hiyo, lina karibu miaka 100 vitabuni. Si ugonjwa mpya, wala si wa Wazungu.

Tena huku kwetu njia za kuupata ni nyingi kuliko diski peke yake. Kifua kikuu hupenda pingili za mgongo. Kinazila polepole, kinaacha usaha unaosukuma mishipa, na mgonjwa anaweza asikohoe hata siku moja. Mkoa wa Kilimanjaro una hospitali ya Kibong'oto, inayoshughulika na kifua kikuu tangu mwaka 1926, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu wa huku kuliona jambo hilo kama habari ya mbali. Saratani ya tezi dume na ya matiti nazo husambaa hadi kwenye pingili. Halafu kuna kichocho. Mifereji ya umwagiliaji ni makazi yanayopendwa na konokono wanaokibeba, na ukanda wa Ndungu na Kihurio unaishi kwa maji ya mifereji. Skimu ya Ndungu, iliyojengwa kwa msaada wa Japani, inajulikana nchi nzima kwa mpunga wake. Watu wengi wanakijua kichocho cha mkojo wenye damu. Wachache wanajua kwamba mayai ya mdudu huyo, kwa nadra, hupotea njia yakaangukia sehemu ya chini kabisa ya kamba ya fahamu na nyuzi zake, kijana akaishiwa nguvu za miguu na kufungwa mkojo bila kubeba gunia lolote. Huyo hahitaji kisu. Anahitaji daktari atakayekifikiria kichocho mapema, ampe prazikwanteli pamoja na dawa za kupunguza uvimbe.

Na kuna kuanguka. Milima ya Upare inapanda ghafla kutoka tambarare hadi kilele cha Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, na watu wanaishi humo kwa kupanda na kushuka: mwembeni, kwenye kenchi za nyumba, kwenye bodaboda inayoteremka na mzigo wa tangawizi. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, walipopitia mafaili ya walioumia uti wa mgongo kati ya 2010 na 2014 na kuchapisha matokeo mwaka 2017, walikuta kuanguka ndiko kunakoongoza, ajali za barabarani zikifuata. Hao, walau, wanajulikana wameumia. Wanabebwa.

Anayebaki nyuma ni yule ambaye hakuanguka. Akienda na kiuno chake, miguu inayowaka moto na mkojo usiotoka, jina la ugonjwa linamsubiri tayari, nalo ni UTI. Tanzania ya leo UTI imekuwa kama malaria ya zamani: ukiumwa chini ya kitovu unayo. Akiwa mzee ataambiwa tezi dume, na pengine kweli anayo, lakini tezi dume haitii ganzi mapajani. Mtaani atapewa ngiri, kwa kuwa ngiri ya mtaani hubeba kila kitu, kiuno, korodani na nguvu za kiume kwa pamoja. Mwanamke ataambiwa chango. Na nguvu za kiume zikishapotea ghafla, lazima atatokea jirani wa kusema kuna mkono wa mtu. Kila jina kati ya hayo lina dawa yake, kila dawa ina siku zake tatu au saba za kusubiri, na nyuzi za fahamu zilizominywa hazina siku saba.

Zina saa. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2000, ukikusanya habari za wagonjwa 322, ulionyesha kwamba waliofunguliwa mgandamizo ndani ya saa 48 walirudishiwa kibofu, haja kubwa na tendo la ndoa kwa kiwango bora kuliko waliochelewa. Madaktari wameendelea kubishana kama mstari ni saa 48 au 24, lakini hawabishani kuhusu upande ambao saa zinaelekea. Aliyefanyiwa upasuaji akiwa bado anakojoa kwa shida ana nafasi nzuri kuliko aliyefanyiwa baada ya mkojo kufunga kabisa na kuanza kujichuruzikia wenyewe. Nchini Uingereza, ambako wagonjwa waliocheleweshwa wamekuwa wakizishtaki hospitali na kulipwa fedha nyingi, mwongozo wa taifa wa mwaka 2023 ulitaka anayeshukiwa apigwe picha ya MRI ndani ya saa nne tangu iombwe.

Saa nne. Msomaji wa Kihurio anaruhusiwa kucheka. Barabara ya Same–Kisiwani–Mkomazi, inayopita chini ya milima kupitia Maore na Ndungu, ndiyo ile ambayo Anne Kilango Malecela, akiwa mbunge wa Same Mashariki, aliililia bungeni mara nyingi ijengwe kwa lami. Kutoka Same mjini hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 100 nyingine. Katikati ya hapo kuna ngazi za rufaa, zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, halafu ya kanda, na kila ngazi ina dirisha lake, karatasi yake na dawa yake ya kujaribu kwanza. Mgonjwa anayezipanda moja baada ya nyingine, kwa adabu, anafika juu wakati hakuna tena cha kuokoa.

Hapa ndipo wengi wetu hukimbilia kusema tatizo ni mashine. MRI ni chache, ni ghali, wapasuaji wa mgongo wanahesabika. Ni kweli yote. Lakini hoja ya makala haya ni nyingine: saa nyingi zinazopotea hazipotei mbele ya mashine. Zinapotea mbele ya mhudumu wa kwanza, kwa sababu swali moja halikuulizwa, na halikuulizwa kwa sababu ya aibu.

Mtazame baba wa miaka 55 ameketi kwenye benchi la zahanati, yoyote ile. Mbele yake ni muuguzi wa umri wa binti yake. "Shikamoo mzee. Unasumbuliwa na nini?" "Marahaba mwanangu. Kiuno." "Tangu lini?" "Tangu juzi." Anaandikiwa dawa. Katikati ya "kiuno" na "juzi" kulikuwa na jambo ambalo baba hawezi kulitamka mbele ya binti, na binti hakuwa na ujasiri wa kulitafuta. Jambo lenyewe ni kwamba tangu jana, anapochamba, hasikii maji. Mkono unajua uko wapi, ngozi haijui. Ni kama anamwosha mtu mwingine.

Hiyo ndiyo dalili kuu kuliko zote. Vitabu vya Kiingereza huiita ganzi ya tandiko, kwa kumfikiria mpanda farasi. Sisi tuiite ganzi ya kiti cha bodaboda, kwani ni sehemu ileile inayogusa kiti: matako, msamba, sehemu za siri na ndani ya mapaja. Vilevile vitabu hivyo humfundisha daktari kumuuliza mgonjwa kama anaisikia karatasi anapojifuta. Swali hilo, likitafsiriwa lilivyo, halimgusi mtu anayetumia kopo la maji. Swali la hapa ni jepesi zaidi: "Ukichamba, unasikia ubaridi wa maji?" Mzee anaweza kulijibu kwa kutikisa kichwa tu. Hajavuliwa heshima, hajatajiwa kiungo chochote.

Yafuate na mengine, kwa sauti ya chini, pazia likiwa limefungwa, na ikiwezekana mwanamume aulizwe na mwanamume: Mkojo unatoka kama kawaida, au unausukuma? Unajua kibofu kimejaa? Kuna wakati umekuta nguo imelowa bila kujua? Maumivu yanashuka mguu mmoja, au sasa ni yote miwili? Na lile la mwisho, ambalo wengi hulikwepa kabisa, kama tendo la ndoa limebadilika ghafla tangu kiuno kianze. Wake wanaosindikiza waume mara nyingi wanalijua jibu kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Kupima nako hakungoji umeme. Pamba iliyosokotwa ncha, ikigusishwa ndani ya paja na karibu na njia ya haja kubwa kushoto na kulia, inaonyesha ngozi iliyokufa ganzi inaanzia wapi. Kidole chenye glavu kinaonyesha kama msuli wa kufunga haja kubwa bado unabana, ingawa msuli kubana vizuri si ushahidi wa usalama. Halafu kuna jagi. Mgonjwa anaombwa akojoe kadiri awezavyo, kisha anawekewa mpira wa mkojo, na kinachotoka kinamiminwa kwenye chombo chenye alama za vipimo. Kikizidi mililita 200, kuna sababu ya kuwa na wasiwasi. Kikifika nusu lita na mgonjwa hakuwa akilalamika kujaa, huyo asiambiwe arudi Jumatatu. Mpira ubaki, namba iandikwe kwa wino kwenye barua ya rufaa pamoja na saa ganzi ilipoanza, na simu ipigwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye mpasuaji. Mkojo ukipimwa kwenye kijiti na kuonekana una wadudu, rufaa isisimame kwa ajili hiyo. Mkojo uliotuama huota wadudu.

Juu ya usafiri, Tanzania tayari imejifundisha somo kubwa, kwa upande mmoja. Mfumo wa m-mama, ulioanza kama jaribio na kutangazwa kuwa wa kitaifa mwaka 2022, umeweka namba ya bure, 115. Mama mjamzito, aliyejifungua au kichanga akipata dharura, simu inapokelewa, gari la wagonjwa linatumwa, na lisipokuwapo anaitwa dereva wa jamii aliyekwisha kusajiliwa, ambaye analipwa na mfumo. Kilichoshindikana miaka mingi kimewezekana kwa kukubali kwamba teksi ya kijijini ni gari la wagonjwa pia. Mpakiaji aliyefunga mkojo hayumo kwenye orodha hiyo. Hakuna sababu ya kitabibu ya kumwacha nje. Wagonjwa wa aina hii ni wachache mno, wasingezidi kuwa tone kwenye ndoo ya gharama, na wengi wao ni watu wenye umri wa kufanya kazi. Wizara inayoweza kumfundisha mpokea simu wa 115 maswali ya kifafa cha mimba inaweza kumwongezea maswali mawili ya mkojo na ganzi.

Ujuzi wa kufungua mgongo nao si lazima ubaki Dar es Salaam milele. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, imekuwa kwa miaka mingi nguzo ya upasuaji wa mgongo na ubongo nchini, na KCMC ndiyo mlango wa kanda ya kaskazini. Lakini yapo pia yaliyotokea Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2006, pale mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alipomfundisha Emmanuel Mayegga, tabibu wa hospitali ile ya Kilutheri, kufanya upasuaji wa kichwa. Wapo waliokunja uso. Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba mgonjwa wa Haydom hakuwa akichagua kati ya tabibu na bingwa. Alikuwa akichagua kati ya tabibu na kaburi. Upasuaji wa kutoa diski iliyobana nyuzi unahitaji mkono uliofundwa sawasawa, na hakuna anayesema ufanyike chini ya mwembe. Swali ni kama kanda nzima itegemee mikono michache tu usiku wa Jumamosi.

Wapo watakaochelewa pamoja na yote. Kwao matibabu hayaishii chumba cha upasuaji, na hapa familia nyingi hudanganyika, zikidhani mtu ametolewa ili akafie nyumbani. Mtu aliyepoteza kibofu anaweza kufundishwa kujipitishia mpira mwembamba mwenyewe, mara nne au tano kwa siku kwa mikono safi, akaishi bila mfuko wa mkojo kiunoni na bila figo kuharibika. Haja kubwa inawekewa saa yake. Ngozi isiyosikia inakaguliwa kila jioni, maana kidonda cha kulalia huanza kama alama nyekundu isiyouma na kuishia kwenye mfupa; asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili. Moshi kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti vya magurudumu. Kiti kilichopimwa kwa mwili wa mtu na kiti kilichotolewa kama sadaka ni vitu viwili tofauti kabisa, na makalio yasiyosikia ndiyo ya kwanza kuijua tofauti hiyo. Mazungumzo ya ndoa nayo yawemo, mke na mume wakiwa pamoja. Kunyamaza kumevunja nyumba nyingi kuliko ganzi yenyewe.

Kabla ya msimu ujao wa mavuno, basi, halmashauri ya Same inaweza kufanya jambo lisilohitaji mfadhili: kubandika kwenye ukuta wa kila zahanati, na penye kila maegesho ya malori ya mpunga na tangawizi, karatasi yenye maneno machache ya Kiswahili cha kawaida. Mgongo unauma na mkojo haushuki, au ukichamba husikii maji, usisubiri kesho. Mpakiaji anayeisoma hiyo na kuikuta ni habari yake, aende hospitali leo, aseme hivyohivyo kwa maneno hayohayo, na asikubali kuondoka na panadol.